Kupanga Safari ya Gari kwa Fedha Kidogo: Mwongozo wa Kufuata Mandhari na Sanaa Zisizotozwa Kiingilio

Mahali pasipotozwa kiingilio si lazima pawe mahali pasipo na gharama. Sanamu iliyosimama kando ya barabara kuu itakuchukulia dakika kumi tu za kuegesha gari na kuitazama, lakini sanamu hiyohiyo ikiwa kilomita 40 nje ya njia yako itakula mafuta ya kilomita 80 za kwenda na kurudi, muda usiopungua saa moja na nusu, na pengine usiku mmoja zaidi wa kulala njiani. Ndiyo maana msafiri mwenye bajeti ndogo anapaswa kuanza na hesabu ya mchepuko kabla hajaanza kukusanya picha za maeneo ya kupendeza. Wengi huandika orodha ndefu ya vivutio, kisha hulazimisha barabara ivifuate vyote, na katikati ya safari hujikuta fedha za mafuta zimekwisha ilhali vituo vyenyewe vilikuwa vya bure. Mpangilio unaofuatwa hapa ni mwingine: gari kwanza, barabara ya pili, vituo vya tatu, kisha saa ya kufika kwenye kila kituo.

Hatua ya kwanza: Pima ulaji wa mafuta wa gari lako

Usitegemee takwimu iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, kwa sababu takwimu hiyo hupatikana katika mazingira ya majaribio, bila mizigo, bila milima na bila foleni. Pima mwenyewe. Jaza tangi hadi pampu ikatike yenyewe, andika namba inayosomeka kwenye mita ya kilomita, tumia gari kama kawaida mpaka mafuta yafike karibu nusu, kisha jaza tena, ikiwezekana kwenye pampu ileile, mpaka ikatike. Gawanya lita zilizoingia mara ya pili kwa kilomita ulizokwenda, zidisha kwa 100, na utapata lita zinazotumika kwa kila kilomita 100. Gari lililotumia lita 24 kwa kilomita 300, kwa mfano, linakula lita 8 kwa kilomita 100, na safari ya kilomita 1,200 italihitaji lita 96. Ongeza asilimia 15 kwa ajili ya michepuko midogo, kupotea njia na kuzunguka mjini kutafuta maegesho, na hesabu inafika takriban lita 110. Zidisha lita hizo kwa bei ya juu kabisa unayotarajia kuikuta njiani, si ya chini, kwa kuwa vituo vya mafuta vilivyo mbali na miji mara nyingi huuza ghali zaidi.

Namba hiyo inaweza kupunguzwa bila kukata kituo hata kimoja. Ukinzani wa hewa huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo, na kwa sababu hiyo gari linalokwenda kilomita 110 kwa saa husukumana na hewa kwa nguvu inayokaribia mara moja na nusu ya ile ya gari linalokwenda kilomita 90. Mizigo iliyofungwa juu ya paa huongeza ukinzani huohuo, kwa hiyo ni afadhali kupunguza vitu mpaka vyote viingie kwenye buti. Matairi yenye upepo pungufu nayo huongeza ulaji wa mafuta. Yapime asubuhi yakiwa bado baridi. Mwendo wa wastani una faida nyingine ambayo haimo kwenye hesabu ya mafuta, nayo ni kwamba dereva huwahi kukiona kibao kinachoelekeza kwenye maporomoko ya maji kabla hajakipita.

Hatua ya pili: Chora barabara kuu na ukanda wake

Chora kwenye ramani njia moja tu ya kwenda kutoka mwanzo hadi mwisho wa safari. Kama gari ni lako na utarudi ulikotoka, ifanye njia hiyo iwe mzunguko, kwa sababu kurudi kwa barabara uliyokwendea ni kulipia mara mbili mandhari uliyokwisha kuyaona. Baada ya hapo, weka ukanda wa kilomita 10 kila upande wa njia. Kila kitu kilichomo ndani ya ukanda huo unaweza kukiorodhesha bila kujibana; kilicho nje yake kinapaswa kujitetea. Kipimo ninachokiona kuwa cha haki ni hiki: mchepuko unaozidi robo ya kilomita za siku hiyo usiitwe tena mchepuko, bali ufanywe kuwa lengo kuu la siku, na vituo vingine vya siku hiyo vipunguzwe ili viupishe.

Kabla ya kutafuta kituo chochote, chunguza kama katika eneo unalokwenda ipo barabara ambayo yenyewe ndiyo mandhari, maana barabara ya namna hiyo hukupa siku nzima ya kutazama bila mchepuko wowote. Blue Ridge Parkway nchini Marekani, iliyoanza kujengwa mwaka 1935 na kukamilika mwaka 1987, inapita kwenye migongo ya milima ya Virginia na North Carolina kwa takriban kilomita 755, haitozwi kiingilio, na kando yake yametengwa maeneo mengi ya kusimama na kutazama mabonde. Hata hivyo, barabara hiyo haina kituo cha mafuta hata kimoja ndani ya mipaka yake, na mwendo wa juu unaoruhusiwa katika sehemu kubwa ni kama kilomita 72 kwa saa. Msafiri anayeipangia siku moja kwa mwendo wa barabara kuu za kawaida atakuwa amejidanganya kwa nusu ya siku au zaidi, na asiyejaza tangi kabla ya kuingia atalazimika kushuka milimani kutafuta mafuta mjini.

Norwei imekwenda mbali zaidi katika jambo hili. Serikali ya huko imeteua njia 18 za kitaifa za mandhari, na imewaalika wasanifu majengo na wasanii kubuni sehemu za kupumzikia, vyoo, ngazi na majukwaa ya kutazamia. Jukwaa la Stegastein lililobuniwa na Todd Saunders na Tommie Wilhelmsen, na kufunguliwa mwaka 2006, limechomoza mita 30 kutoka ubavuni mwa mlima, mita 650 juu ya maji ya ghuba, na ncha yake imefungwa kwa kioo kitupu badala ya ukuta, kiasi kwamba anayelikaribia kwa mara ya kwanza huona kama sakafu inakunjama na kumwagikia baharini. Huko Vardø, kaskazini kabisa mwa nchi hiyo, kuna mnara wa kumbukumbu wa Steilneset wa mwaka 2011, kazi ya msanifu Peter Zumthor na msanii Louise Bourgeois, unaowakumbuka watu 91 waliouawa kwa tuhuma za uchawi katika karne ya 17. Kuingia sehemu zote mbili hakulipiwi. Jambo la kuliweka kwenye bajeti ni kwamba barabara za nchi hiyo zina tozo na vivuko vya feri katika sehemu nyingi, na gharama hizo haziandikwi popote kwenye picha ya jukwaa.

Hatua ya tatu: Tafuta vituo pale wengine wasipotafuta

Orodha za vivutio zinazosambaa mtandaoni hurudiarudia maeneo yaleyale, na maeneo hayo ndiyo yenye foleni na maegesho ya kulipia. Chanzo bora cha kuanzia ni ramani huria. OpenStreetMap, iliyoanzishwa mwaka 2004 na kuchorwa na watu wa kujitolea duniani kote, huweka alama maalumu kwa sehemu za kutazamia mandhari na alama nyingine kwa kazi za sanaa zilizo hadharani, zikiwemo sanamu, michoro ya ukutani na chemchemi. Programu za simu zinazotumia ramani hiyo hukuruhusu kuipakua mapema na kuitumia mahali pasipo mtandao. Pitia ukanda wako wote polepole, kipande kwa kipande, na kila alama utakayoikuta iandike pamoja na umbali wake kutoka barabara kuu. Kazi hii inachosha kidogo, lakini ndiyo inayotofautisha safari yako na ya mtu aliyenakili orodha ya mwenzake.

Chanzo cha pili ni halmashauri na manispaa. Miji mingi huwa na orodha ya sanaa zilizowekwa hadharani kwa fedha za umma, na mara nyingi orodha hiyo hutaja mwaka wa kazi, jina la msanii na mahali ilipo. Maktaba kuu, stesheni za treni, viwanja vya vyuo vikuu, bustani za umma, makaburi ya kale na mabwawa ya maji huwa na kazi za kutazamwa ambazo hazimo katika orodha yoyote ya utalii.

Usiyapuuze majengo ya kazi. Katika jimbo la Victoria, Australia, maghala marefu ya nafaka yaliyojengwa kwa zege yamegeuzwa kuwa turubai za wachoraji. Lililoanza ni la kijiji cha Brim, ambako Guido van Helten alimaliza mwanzoni mwa mwaka 2016 sura za wakulima wanne wa rika tofauti, zenye urefu wa karibu mita 30, kwenye maghala yaliyojengwa mwaka 1939 ambayo yalikuwa hayatumiki tena. Vijiji vya jirani vikafuata, na leo kuna njia ya zaidi ya kilomita 200 inayomtoa msafiri ghala hadi ghala, kila moja likionekana kutoka mbali kabla hajakifikia kijiji chenyewe. Kwa mtu wa bajeti ndogo mpangilio huu hauna kifani, kwa kuwa vituo vyenyewe vimepangana kwenye mstari wa barabara.

Nyumba za ibada nazo ni majumba ya sanaa yasiyouza tiketi, mradi msafiri aheshimu ibada. Katika kanisa la San Luigi dei Francesi jijini Roma zimo picha tatu za mchoraji Caravaggio kuhusu Mtakatifu Mathayo, na San Pietro in Vincoli, katika jiji hilohilo, ina sanamu ya Musa iliyochongwa na Michelangelo. Kwingineko watu hulipa fedha nyingi na kupanga foleni ndefu ili kuona kazi za mabwana hao. Vaa nguo zinazofunika mabega na magoti, na ujue kwamba makanisa mengi ya huko hufungwa mchana kwa saa kadhaa.

Makumbusho yanayotoza kiingilio yana siku zake za bure pia. Makumbusho ya serikali ya Italia hufunguliwa bila malipo Jumapili ya kwanza ya kila mwezi. Mengine hayatozi kabisa: makumbusho ya taasisi ya Smithsonian jijini Washington hayana kiingilio siku yoyote. Na makusanyo ya kudumu ya makumbusho ya kitaifa ya Uingereza yamekuwa wazi bila malipo kwa wote tangu mwaka 2001. Binafsi sishauri kuipinda ratiba nzima ili kuifukuzia Jumapili moja ya bure, kwa sababu kila mwenye bajeti ndogo amewaza hivyohivyo na utakuta umati. Ikiangukia ndani ya ratiba yako, itumie, na ufike kabla milango haijafunguliwa.

Hatua ya nne: Hakiki neno "bure"

Kila kituo kilichobaki kwenye orodha kiulizwe maswali manne: je, kiingilio hakitozwi hadi leo, je, maegesho ya gari ni ya bure, je, barabara ya kukifikia ina tozo au inapita ndani ya hifadhi inayotoza, na je, kiko wazi siku na saa utakayofika? Swali la kwanza linaonekana la kitoto, lakini masharti hubadilika. Pantheon, hekalu la kale jijini Roma, iliingiwa bila malipo kwa miaka mingi, na tangu Julai 2023 wageni hutozwa kiingilio, ilhali maelezo ya zamani yanayoitaja kuwa ya bure bado yanasomwa kila siku. Tafuta jibu kwenye ukurasa rasmi wa mahali penyewe au wa mamlaka inayopamiliki, na uangalie tarehe ya tangazo. Swali la pili ndilo linalowaumiza wengi, kwani fukwe na maporomoko yasiyo na kiingilio huzungukwa na maegesho yanayotozwa kwa saa. Tazama kwenye picha za setilaiti kama kuna eneo halali la kuegesha umbali wa kutembea dakika 15 au 20.

Hatua ya tano: Kipe kila kituo saa yake

Hapa ndipo mpango mzuri unapotengana na orodha tu. Mandhari na sanaa za nje haziko vilevile kutwa nzima, na kituo cha bure ulichokifikia saa isiyofaa ni mafuta yaliyopotea.

Anza na jua. Ukuta unaotazama mashariki hupata mwanga asubuhi na kuwa kivulini alasiri. Bonde refu linalotoka kaskazini kwenda kusini hubaki na upande mmoja gizani mpaka jua lipande. Tazama kwenye ramani kila kituo kinaelekea wapi, kisha panga vya mashariki viwe vya asubuhi na vya magharibi viwe vya jioni. Ukiwa njiani na unataka kujua kama utawahi machweo, nyosha mkono na ukunje ngumi: upana wa ngumi mbele ya jicho ni kama nyuzi 10, na kwa kuwa jua husogea nyuzi 15 kwa saa, ngumi moja kati ya jua na upeo wa macho ni takriban dakika 40 katika maeneo ya karibu na Ikweta, na zaidi ya hapo kadiri unavyokwenda kaskazini au kusini, ambako jua huzama kwa mshazari.

Pwani, bahari ina saa yake. Kwenye ufuo wa Crosby, karibu na Liverpool nchini Uingereza, zimesimamishwa sanamu 100 za chuma za Antony Gormley, zote zikitazama baharini, zikiwa zimetawanyika kwenye ufuo wa kilomita tatu hivi na nyingine zikiwa mbali kuelekea majini. Maji yakipwa unaziona zote, na ukisogea karibu unakuta chuma kimeliwa na kutu, viumbe wa baharini wamejishikiza miguuni na viunoni, na mchanga umezika baadhi hadi magotini. Maji yakijaa, za mbali hufunikwa kabisa na zilizobaki huonyesha vichwa tu. Kazi ni ileile, kiingilio ni bure saa zote, lakini aliyekuja bila kusoma jedwali la maji kujaa na kupwa ameona sehemu tu ya alichokifuata. Jedwali hilo lina umuhimu mwingine wa kiusalama, kwa sababu fukwe tambarare za aina hiyo zina tope laini na maji hurudi kwa kasi. Usiifuate sanamu ya mbali huku maji yakianza kujaa.

Kuna kazi zinazongoja miaka, si saa. Mwaka 1970 Robert Smithson alijenga Spiral Jetty katika Ziwa Kuu la Chumvi, Utah, kwa zaidi ya tani 6,000 za mawe meusi ya basalti na udongo, zikiwa zimepangwa kama njia ya mita 457 inayojikunja kuelekea ndani ya ziwa. Muda mfupi baadaye maji yalipanda na kuifunika, ikabaki chini kwa sehemu kubwa ya miaka 30, kisha kuanzia mwaka 2002 ikaibuka tena kadiri ziwa lilivyopungua. Leo msafiri anaweza kutembea juu yake bila malipo, miamba ikiwa imepakwa ukoko mweupe wa chumvi, na maji ya upande huo wa ziwa, yakiwepo karibu, yakiwa na rangi ya waridi inayotokana na vijidudu vinavyopenda chumvi. Lakini kuifikia ni lazima kupita takriban kilomita 25 za barabara ya changarawe baada ya lami kuisha, na hakuna maji ya kunywa, mafuta wala duka mahali penyewe. Kwa gari la lita 8 kwa kilomita 100, kipande hicho cha kwenda na kurudi ni lita 4 hivi. Gharama kubwa zaidi ni muda, kwa kuwa kwenye changarawe mwendo wa kilomita 40 kwa saa ndio wa busara. Kituo kama hiki ndicho kinachostahili kupewa siku yake chenyewe.

Kwa upande mwingine, vipo vituo vya kuvitumia kujazia mapengo, kwa sababu vinafaa saa yoyote. Angel of the North, sanamu nyingine ya Gormley iliyosimamishwa mwaka 1998 karibu na Gateshead, ina kimo cha mita 20 na mabawa ya mita 54, na iko kando kabisa ya barabara kuu. Prada Marfa, iliyojengwa mwaka 2005 na wasanii Elmgreen na Dragset katika jangwa la Texas, ina umbo la duka la kifahari ambalo mlango wake haufunguliwi kamwe, kwa hiyo hakuna saa ya kufunguliwa ya kuiwahi. Vituo vya aina hii usivipe saa maalumu. Viache vielee kwenye ratiba, uvitumie ukiwahi au ukichelewa.

Hatua ya sita: Panga siku, usipange dakika

Gawa orodha yako katika mafungu matatu: vya lazima, vya njiani na vya akiba. Siku moja ibebe kituo kimoja cha lazima, au viwili vikiwa karibu, pamoja na vya njiani viwili au vitatu. Vya akiba vitumike hali ya hewa ikiharibika, na kwa sababu hiyo inafaa baadhi yake viwe vya ndani, kama makanisa, maktaba na makumbusho. Saa za kuendesha zisizidi tano au sita kwa siku ikiwa dereva ni mmoja. Ushauri wa kawaida wa usalama barabarani ni kupumzika angalau dakika 15 kila baada ya saa mbili, na hapa ndipo vituo vya njiani vinapofanya kazi mbili: ukivipanga vikiachana kwa mwendo wa saa mbili, mapumziko ya dereva na matembezi ya abiria huwa jambo moja. Dereva mwenye usingizi hazinduliwi na mandhari. Aegeshe mahali salama alale dakika 20.

Hatua ya saba: Jua sheria za kulala kabla ya kuchagua mahali pa kulala

Baada ya mafuta, malazi ndiyo yanayomaliza fedha, na wengi hutarajia kulala kwenye gari au hema bila kulipa. Uwezekano huo unategemea sheria za nchi, si ukimya wa mahali. Sheria ya Norwei ya mwaka 1957 inampa kila mtu haki ya kupiga hema kwenye ardhi isiyolimwa, umbali usiopungua mita 150 kutoka nyumba inayokaliwa, kwa kawaida hadi siku mbili bila kuomba ruhusa. Haki hiyo haimpi mtu ruhusa ya kuingiza gari porini. Sheria ya Uskoti ya mwaka 2003 nayo inawalinda wapiga hema waangalifu, lakini haiwahusu wanaolala kwenye magari. Kwenye sehemu kubwa ya ardhi ya umma inayosimamiwa na serikali kuu ya Marekani magharibi mwa nchi, kupiga kambi mahali pasipo huduma kunaruhusiwa, kwa kawaida kwa siku 14 ndani ya kipindi cha siku 28. Nchi nyingine hukataza kabisa, na faini yake inazidi bei ya chumba. Weka angalau usiku mmoja wa kulipia kila baada ya siku tatu au nne, ili watu waoge, wafue na kuchaji vifaa, na usiku huo uwe kwenye mji usio na umaarufu, ambako vyumba ni nafuu, badala ya karibu na kivutio chenyewe.

Kuhusu chakula sina mengi ya kusema: nunua sokoni au dukani kwenye mji mkubwa wa mwisho kabla ya kipande cha mbali, beba maji ya kutosha siku mbili kwa kila mtu, na kumbuka kwamba sehemu za kutazamia mandhari zenye meza za kupumzikia ni mahali pazuri pa kulia chakula kuliko mikahawa mingi ya barabarani.

Hatua ya nane: Jitayarishe kuwa mgeni mwema

Vituo vya bure hudumu kwa hisani ya wamiliki na kwa uangalifu wa wageni. Maghala yaliyochorwa mara nyingi yako kwenye mali ya watu au kampuni, na mengine bado yanahifadhi nafaka. Tazama ukiwa upande wa barabara, usiruke uzio ili kupata picha. Cadillac Ranch, karibu na Amarillo, Texas, ni mfano wa kipekee, kwa kuwa pale mgeni anaruhusiwa kuchora. Mwaka 1974 kikundi cha wasanii cha Ant Farm kilizika magari kumi ya Cadillac pua chini kwenye shamba, na wageni wamekuwa wakiyapulizia rangi miaka yote hiyo, mpaka tabaka limekuwa nene na kupoteza kabisa kingo za mabati. Ruhusa hiyo inaishia kwenye magari yale. Makopo matupu ya rangi ni mzigo wako wa kurudi nao. Kila gari linaloanza safari ya namna hii libebe mifuko ya taka, kwa kuwa maeneo mengi ya bure hayana mtu wa kuzoa.

Gari lenyewe likaguliwe siku kadhaa kabla ya kuondoka na si asubuhi ya safari: tairi la akiba liwe na upepo, jeki na spana viwepo, maji ya rejeta, mafuta ya injini na breki viangaliwe. Kama sehemu ya njia ni ya changarawe na gari ni la kukodi, soma mkataba, maana baadhi ya mikataba hukataza barabara zisizo na lami, na kulivuta gari lililoharibika huko kutalipwa na wewe.

Hatua ya tisa: Simamia fedha kila jioni

Kabla ya kuondoka, tenga fedha za safari katika mafungu manne: mafuta, malazi, chakula, na dharura ambayo isipungue sehemu moja ya kumi ya jumla. Kama mko wengi, kubalianeni mapema kama mafuta yatagawanywa sawasawa au mwenye gari atapunguziwa kwa uchakavu wa gari lake, kwa sababu mazungumzo hayo yakifanyiwa kituo cha mafuta siku ya tatu hayaendi vizuri. Kila jioni andika namba ya mita ya kilomita, lita zilizonunuliwa na kiasi kilichobaki katika kila fungu. Ukifika nusu ya kilomita zote na fungu la mafuta limepungua zaidi ya nusu, usisubiri lipungue zaidi: fungua orodha ya vituo vilivyobaki na uanze kufuta kutoka kwenye mchepuko mrefu kuliko yote, ukishuka kuelekea mifupi, mpaka hesabu itulie. Kituo kilichomo ndani ya ukanda wa kilomita 10 hakina haja ya kufutwa, kwani kukifuta hakuokoi chochote cha maana. Fedha za mafuta ya kipande cha mwisho cha kurudi zitengwe siku ya kwanza katika bahasha yake, na zisiguswe kwa ajili ya mchepuko wowote, hata ule ulioambiwa na mwenyeji kwamba uko hapo karibu tu. Muulize kwanza ni kilomita ngapi, na kama barabara yake ina lami.